Bwana wa Zamani na Bwana wa Nyumbani



Ndugu wasomaji, kuna neno linalosemwa sana huku kwetu milimani, kuanzia Alimbongo mpaka Lubero na Butembo. Linasemwa sokoni, linasemwa penye pombe, na hata mbele ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Wanaume wanasema hivi: "Usawa wa mume na mke ni mambo ya Wazungu. Wametuletea ili wavunje nyumba zetu. Babu zetu walijua kwamba mwanamume ndiye bwana, nasi tutashika ya babu zetu." Akisha kusema hivyo mtu mmoja, wengine hucheka au hupiga makofi, na wanawake waliopo hutazama chini. Mambo huishia hapo.

Mimi ni katekista. Kazi yangu ni kufundisha, wala sipendi kuona watu wazima wanadanganyana. Kwa hiyo nasema wazi: neno hilo si kweli. Ubwana huo tunaoutetea kwa jina la babu zetu, sehemu yake kubwa tuliupokea kwa Mzungu. Tena tuliupokea katika mkono ule ule uliotupiga fimbo.

Tutazame kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu cha huku mke anasema "bwana yangu", na kila mtu anaelewa kwamba anamtaja mume wake. Lakini waulizeni wazee: zamani za Wabelgiji neno hilo Bwana lilikuwa la nani? Bwana alikuwa mwenye shamba. Bwana alikuwa mkubwa wa mgodi, na Bwana alikuwa mtawala wa serikali mwenye kofia nyeupe. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda chama kilichoitwa Comité National du Kivu, chenye mamlaka ya kugawa ardhi kwa wageni weupe. Milima ya Lubero iliwapendeza sana, maana ina baridi kama kwao na udongo wake ni mzuri. Wakalima ngano, wakalima pareto, wakafuga ng'ombe wa maziwa. Na waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao ni baba zetu na babu zetu.

Mtu huyo aliyefanya kazi aliitwaje? Akifanya kazi ndani ya nyumba aliitwa boi. Neno hilo ni la Kiingereza, na maana yake ni mtoto wa kiume. Mtu mwenye mvi, mwenye wajukuu, mwenye kusikilizwa katika kikao cha ukoo wake, aliitwa mtoto. Mke wa Mzungu alimwita hivyo, na watoto wa Mzungu walimwita hivyo. Mwanamume huyo alifua nguo za mwanamke mgeni, akapika, akatandika vitanda, na jioni akarudi kwake akiwa ameinamisha kichwa. Mzungu alijua anachofanya. Ukitaka kumtawala mtu mwenye nguvu, umwite mtoto siku zote, naye mwishowe atatafuta mtu mwingine wa kumwita mtoto.

Tena kulikuwa na karatasi. Bula Matari alipenda karatasi sana! Mtu mweusi aliyetaka kutoka katika utawala wa chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kuomba karatasi ya ruhusa. Mjini alikatazwa kutembea usiku katika mitaa ya Wazungu. Dukani alingoja pembeni. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilipungua kidogo kidogo, lakini ilikuwa bado halali katika miaka ya 1950. Na kwa wale waliosoma na kuvaa viatu, serikali ilibuni kadi. Mwaka 1948 ilitolewa kadi ya sifa ya uraia. Mwaka 1952 ukaja utaratibu wa kuandikishwa katika daftari la watu waliohesabiwa kuwa wastaarabu. Aliyeomba alipelekewa wakaguzi nyumbani kwake. Walitazama kitanda, walitazama choo, walitazama sahani na uma, waliuliza kama baba anakula mezani pamoja na mke wake. Mpaka mwisho wa ukoloni walioandikishwa katika daftari hilo hawakuzidi sana 200, katika nchi yenye watu karibu milioni 14.

Msipite haraka hapo. Mwanamume mzima, mwenye akili na kazi, alitakiwa athibitishe mbele ya mgeni kwamba yeye si mtoto. Na kama mgeni alikataa, alibaki mtoto wa sheria mpaka kifo chake. Jambo hilo liliwauma baba zetu kuliko fimbo. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba alikumbusha katika hotuba yake kwamba mtu mweusi aliambiwa "wewe" kwa namna ya dharau, wala si kama rafiki, kwa sababu neno la heshima la Kifaransa liliwekwa kwa ajili ya weupe tu. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini katika uchaguzi wa mwezi wa Mei mwaka huo huo, uliomweka Lumumba mahali pale, wanawake wa Kongo hawakupiga kura. Wanaume peke yao ndio waliopiga. Mama aliyemzaa mpiga kura na mke aliyempikia walibaki nje mpaka mwaka 1967. Hata ile kadi ya ustaarabu ilikuwa ya mume. Mke alihesabiwa ndani ya mume wake kama kitu cha nyumba kilichokaguliwa pamoja na sahani. Shuleni wavulana walifundishwa Kifaransa ili wawe makarani. Wasichana wengi walifundishwa kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba kwa lugha ya kwao. Haikuwa ajabu basi kwamba tulingoja mpaka mwaka 1964 kumwona mwanamke Mkongo wa kwanza anatoka katika Chuo Kikuu cha Lovanium na shahada. Ni Sophie Kanza, ambaye mwaka 1966 alikuwa waziri wa kwanza mwanamke katika nchi yetu.

Sasa tufungue kitabu kingine. Tarehe 1 Agosti 1987 serikali ya Zaire ilitoa Sheria ya Jamaa. Kumbukeni ilikuwa serikali gani. Ilikuwa ile ya Mobutu, iliyotangaza kurudi kwenye mambo halisi ya Kiafrika. Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina. Mwaka 1972 majina yetu ya ubatizo yalikatazwa, na mapadre waliobatiza kwa majina hayo walitishwa kwa sheria. Koti na tai ya Mzungu vilipigwa marufuku. Kila kitu kilitakiwa kiwe cha babu zetu.

Na kitabu hicho kilisema nini juu ya mke? Kifungu cha 444 kilisema kwamba mume ni mkuu wa nyumba, kwamba anapaswa kumlinda mke wake, na mke anapaswa kumtii mume wake. Kifungu cha 448 kilisema kwamba mke lazima apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Kufungua akaunti katika benki, kutia sahihi mkataba wa kazi, kuingia katika biashara kwa jina lake, hata kwenda mahakamani: aombe ruhusa. Wale mama wa Butembo wanaosafiri kwa ndege mpaka Dubai na China kununua vitambaa na vyombo, wenye kujua hesabu kuliko wengi wetu, kwa sheria hiyo walikuwa watu wa kuomba karatasi. Na uwezo wao ulitajwa katika sehemu ile ile ya kitabu inayotaja watoto wadogo na watu waliopungukiwa akili.

Niulize basi: karatasi ya ruhusa tuliiona wapi zamani? Kuwekwa pamoja na watoto tulikuona wapi? Je, si kwa Bula Matari?

Labda mtu atanijibu, "Katekista, hiyo ni desturi yetu ya Kiafrika, serikali iliiandika tu." Hapana, ndugu yangu. Nitakuonyesha ilikotoka. Mwaka 1804 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliwatolea Wafaransa kitabu cha sheria. Kifungu chake cha 213 kilisema kwamba mume anapaswa kumlinda mke wake, na mke kumtii mume wake. Somo ni lile lile, mpango wa maneno ni ule ule. Kitabu hicho kiliingia Ubelgiji, maana wakati ule nchi ile ilikuwa chini ya Wafaransa, na Wabelgiji walipopata nchi yao wenyewe mwaka 1830 hawakukiacha. Walipokuja kwetu walikuja nacho. Wanasheria wetu waliosomea vitabu hivyo walipoketi Kinshasa kuandika mambo halisi ya Kiafrika, waliandika Napoleon. Hakuna mzee wa Kinande aliyeulizwa. Hakuna mfano wa ukoo, wala neno la kikao cha wakwe. Tulivua tai ya Mzungu shingoni mwetu, tukaiacha sheria yake shingoni mwa wake zetu.

Na Wabelgiji wenyewe je? Waliiondoa sheria hiyo kwao tarehe 30 Aprili 1958, miaka 29 kabla sisi hatujaiandika upya. Tuliokota nguo ambayo mwenyewe ameitupa, kisha tunaivaa na kusema ni ngozi ya babu.

Kulikuwa na jambo lingine katika kitabu kile ambalo kwa Mkristu ni la aibu zaidi. Mke akizini, sheria ilimwadhibu kwa tendo lenyewe. Mume akizini, sheria ilimwadhibu tu kama uzinzi wake ulifanyika kwa namna ya kumtukana mke vibaya sana. Maana yake, mume mwenye adabu ya kuficha alikuwa salama! Mimi nawafundisha watoto Amri za Mungu kila juma, na sijaona Amri ya Sita ya wanaume na Amri ya Sita ya wanawake. Farisayo aliyemleta yule mwanamke mbele ya Yesu alikuwa na sheria ya namna hiyo mkononi. Mwanamume aliyekuwa pamoja naye hakuletwa.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imesahihisha mengi. Ruhusa ya mume imeondolewa. Mume na mke wanatakiwa kupatana. Neno la kutii limetoka, na uzinzi unahesabiwa sawa. Mume ameachiwa jina la mkuu wa nyumba. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoijua sheria hiyo? Na wangapi wanaoijua wanaiita sheria ya Wazungu, hali ile iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ya Wazungu?

Sitaki kusema kwamba zamani kabla ya Wazungu wanawake wa milima hii waliishi peponi. Huo ungekuwa uongo mwingine. Desturi yetu ilimpa mwanamume ardhi na ikamnyima binti, nayo inafanya hivyo mpaka leo. Lakini desturi ilikuwa na mizani yake. Mke aliyeonewa alirudi kwao, na mume alilazimika kumfuata na kujieleza mbele ya wakwe, na baba mkwe alijua kuuliza maswali makali. Tena tazameni majina yetu. Mtoto wa kiume anapewa jina la zamu yake ya kuzaliwa, na mtoto wa kike vile vile ana majina ya zamu yake. Masika anajulikana kuwa Masika kama vile Kambale anavyojulikana kuwa Kambale. Waliotunga hesabu hiyo hawakumwita msichana "mtu wa fulani". Walimhesabu.

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo wanaume hatupendi kuisimulia. Tunaposema juu ya uonevu wa Wazungu, tunamtaja boi, tunamtaja mpagazi, tunamtaja mfungwa aliyepigwa. Ni mara chache tunamtaja menajere. Huyo alikuwa mwanamke mweusi aliyewekwa nyumbani na Mzungu asiye na mke huku, akapika na kulala naye, kisha akaachwa siku Mzungu aliporudi kwao. Watoto waliozaliwa, wenye rangi mbili, serikali iliwachukua wengi kwa nguvu mikononi mwa mama zao, kwa kuogopa kwamba damu nyeupe isikae kijijini. Wengi walipelekwa misioni, na sisi Wakatoliki hatuwezi kufumba macho hapo. Mwezi wa Aprili 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa sehemu ya Kanisa katika jambo hilo, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa jina la serikali yake. Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misioni ya Katende, katika Kasai, walishtaki. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliwapa haki, ikasema kwamba kuwachukua vile kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Kwa nini tunasahau? Nadhani ni kwa sababu habari ya menajere inatuuliza swali gumu. Mzungu yule alijiona ana haki juu ya mwanamke kwa kuwa yeye ni mwanamume, tena mweupe, tena mwenye fedha. Tukisema alikosa kwa sababu ya rangi tu, basi mwanamume mweusi mwenye fedha anayeweka wasichana Butembo na Goma hana kosa. Tukisema alikosa kwa sababu mwanamke ni mtu, hapo na sisi tumeshikwa.

Tuje kwenye mizigo, maana jambo hili halihitaji vitabu. Simameni asubuhi ya siku ya soko kwenye barabara kubwa hapa Alimbongo, baridi ikiwa bado kali na ukungu juu ya mashamba. Mtaona mama anapanda mlima na gunia la viazi mgongoni, kamba imepita katika paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama mawe ya njia. Pengine mtoto yuko kifuani. Nyuma au mbele yake anakuja mume wake. Mkononi ana fimbo ya kutembelea. Au ana simu.

Babu zetu walichukia kazi ya upagazi kuliko kazi zote. Katika nyakati za mfalme Léopold wa Pili, kati ya mwaka 1885 na 1908, na hata baadaye wakati wa vita vya 1914, watu walifungwa mizigo ya wageni, wakavuka misitu na milima, na wengi walikufa njiani. Kila ukoo una habari zake. Tunasimulia kwa uchungu kwamba Mzungu alitembea mikono mitupu, au alibebwa, na mtu mweusi alichukua sanduku. Ni kweli kabisa. Lakini mtu asiyejua rangi zetu akitazama njia ya soko letu leo, atasema nini? Atamwona anayebeba na anayetembea mikono mitupu.

Tena akili haikutupungukia. Vijana wetu walitengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba magunia mengi kwa safari moja. Ni kazi nzuri ya mikono, na wageni wanaipiga picha. Lakini chukudu ni cha nani? Ni cha mwanamume, na mwanamume anapobeba kwa chukudu analipwa. Mwanamke anabeba kwa paji la uso, na anapobebea nyumba yake halipwi chochote. Kifaa kilipopatikana, kilikwenda kwa mwenye nguvu, na mzigo bila kifaa ukabaki kwa mwingine. Ndivyo lilivyokuwa gari la Mzungu vile vile.

Najua watakaonikasirikia, na baadhi yao wana sababu. Maisha ya mwanamume wa huku ni magumu. Anaondoka na viazi vyake, na kwenye kizuizi cha barabara kijana mwenye bunduki, anayeweza kuwa mtoto wake wa mwisho, anamwambia "Wee mzee, toa franka." Anatoa. Mbele kidogo kuna kizuizi kingine. Shamba aliloachiwa na baba yake limegawanywa mara nyingi hata halitoshi. Masomo ya watoto hayalipiki. Mwezi wa Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo penyewe, na watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo na magodoro kichwani. Mwanamume aliyekaa kwa ndugu yake na watoto sita, bila kazi, bila neno la kusema, anajisikia si mtu. Sidharau uchungu huo hata kidogo.

Lakini ndipo hatari ilipo. Mwanamume aliyeshushwa barabarani anatafuta mahali pa kupanda juu, na mahali palipo karibu ni nyumbani. Huko bado anaitwa bwana. Anapiga meza, anapiga mtoto, anampiga mke. Yale aliyoambiwa kwenye kizuizi anayasema jikoni. Boi wa zamani alifanya hivyo hivyo aliporudi kutoka kwa Mzungu wake, na mama zetu wazee wanajua, ingawa hawasemi mbele ya wageni. Ubwana wa namna hiyo haumrudishii mtu heshima aliyonyang'anywa. Kijana wa kizuizini atadai franka zake kesho vile vile.

Na kama mtu anataka kuona mwisho wa njia hiyo, akumbuke Isiro. Mwaka 1964 Wasimba waliinuka, na kati ya madai yao mengine yalikuwa ya kweli: walisema uhuru umeliwa na wachache, na mwananchi amebaki chini kama zamani. Kisha mwishoni mwa mwezi wa Novemba waliwachukua watawa Waafrika wa Jamaa Takatifu kutoka Bafwabaka. Mkubwa mmoja wao alimtaka Anuarite Nengapeta awe wake. Yeye alikataa, maana alikuwa amejiweka wakfu kwa Mungu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba kolonel Olombe alimpiga na kumwua, naye alimsamehe kabla hajafa. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na siku hiyo alitangaza msamaha kwa mwuaji.

Tunamwomba Anuarite, tunaita binti zetu jina lake, tunashona vitenge vyenye picha yake. Vema. Lakini tusimfanye picha tu. Watu wale walikuja kwa jina la ukombozi wa mtu mweusi, na walipomkuta mwanamke mweusi asiye na bunduki, walisema kama Mzungu wa zamani alivyosema: huyu ni haki yangu. Yeye akajibu hapana. Hapana ile ilisemwa na Mwafrika wa Wamba, binti wa msitu wetu, ambaye hakuwa ametumwa na shirika lolote la kigeni kutetea usawa.

Kuhusu Kanisa sitasema mengi, maana wenye kutaka watajisomea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya tarehe 7 Desemba 1965, namba 29, unakataa ubaguzi katika haki za msingi za mtu, na katika sentensi moja unataja ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kuwa mume au mke. Haukuweka mmoja kuwa dhambi na mwingine kuwa desturi. Wale wanaume wanaopenda kunisomea barua ya Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, juu ya wake kuwatii waume, nawaomba waanze mstari mmoja nyuma. Hapo Mtume anawaambia Wakristu wote watiiane. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1988, katika barua yake juu ya heshima ya mwanamke, alieleza kwamba utii huo katika ndoa ni wa pande mbili. Kisha wasome na mistari ile mirefu inayomwagiza mume ampende mke kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Mistari hiyo ni mingi kuliko ile ya mke, lakini sijasikia inatajwa penye pombe.

Limebaki jambo la mbuzi. Mtu akishindwa maneno yote husema, "Mimi nimetoa mbuzi." Ni kweli umetoa, na mbuzi ni jambo jema: zimeunganisha koo mbili, zimeonyesha kwamba baba wa msichana hakumtupa njiani. Lakini mbuzi si bei. Katika miaka ya 1880 watu wa Stanley walipita kwa machifu wa Kongo wakitoa vitambaa na vitu vidogo, wakawaandikisha alama kwenye karatasi. Machifu walidhani wamepokea zawadi ya urafiki. Wazungu walisema wamenunua nchi. Sisi wote tunasema huo ulikuwa wizi, kwa sababu zawadi iligeuzwa kuwa ununuzi. Haya basi, mbuzi za wakwe zako umezigeuza kuwa nini?

Nami napenda tufanye kazi kuliko kupiga kelele. Katika mafundisho ya ndoa parokiani, vijana wengi huuliza juu ya karamu, pete na picha. Hawaulizi watakachoandika mbele ya ofisa wa serikali juu ya mali. Sheria inawapa njia tatu: kila mmoja kuwa na mali yake mbali, kushirikiana mali watakayoipata katika ndoa, au kushirikiana mali yote. Wasipochagua, wanahesabiwa katika ile njia ya pili. Wajue hivyo kabla ya kutia sahihi, wote wawili, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake. Tena wajue kwamba tangu mwaka 1987, hata katika kitabu kile nilichokilaumu, watoto wa kike na wa kiume wanarithi sawa, na mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyojenga na mume wake.

Jambo hili la mwisho lina haraka. Vita vimewafanya wanawake wengi kuwa wajane katika Lubero na Beni, na shemeji wanakuja na fimbo za kupimia shamba kabla kaburi halijakauka. Baraza la parokia lina wazee wenye sauti, wengi wao wanaume. Mjane akitolewa nyumbani, wazee hao wasingoje aje kulia sakristia. Waende kwake wawili au watatu, siku hiyo hiyo, wakakae naye mlangoni mpaka shemeji waondoke, na wamsaidie kupeleka neno mahakamani ikihitajika. Na shemeji mmoja akisema kwamba haki ya mjane ni mambo ya Kizungu, waulize yeye alizaliwa na nani.